Zana ya kukagua ruhusa za programu za simu: aapt2, Exodus, Androguard au MobSF?

Karani wa chama cha msingi anayepokea korosho Tandahimba au Ruangwa anaweza leo kutumiwa programu ya simu kwa WhatsApp, ikiwa faili la APK, yaani faili la kusimikia programu ya Android, na kuambiwa aisimike kabla mzigo wa kwanza haujafika ghalani. Programu hiyo itaomba kamera, itaomba mahali alipo, pengine itaomba na majina yote yaliyomo kwenye simu yake, naye atabonyeza «Ruhusu» mara zote kwa sababu foleni ya wakulima inamsubiri. Aliyepaswa kuuliza maswali mapema ni mtu mwingine: ofisa wa TEHAMA wa chama kikuu au wa halmashauri, kijana aliyeiandika programu yenyewe, au mwalimu anayewafundisha vijana kuandika programu za aina hiyo. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya hao, wanaotaka kusimika zana ya uchambuzi tuli, yaani zana inayolisoma faili la programu bila kuiendesha, lakini wamekwama kati ya majina manne: aapt2, Exodus, Androguard na MobSF.

Suala lenyewe si la kiufundi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa kusudi lililo bayana na asizidishe kuliko kusudi hilo linavyohitaji. Chama kinachosambaza programu inayosoma orodha ya majina ya simu bila sababu kinajitafutia swali gumu la kujibu. Tena, programu za mikopo zimeshatuonyesha ruhusa zinavyoweza kutumika vibaya: tangu tarehe 31 Mei 2023 Google Play imezizuia programu za mikopo binafsi kufikia majina na picha za mkopaji, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Faili linalorushwa kwa WhatsApp halikupita kwenye chujio la Google Play, kwa hiyo mkaguzi ni wewe.

Vigezo kabla ya majina

Kigezo cha kwanza ni gharama ya kusimika, na hapa leseni haihusiki, kwa kuwa zana zote nne hutumika bila malipo. Gharama yenyewe ni bando la kupakulia, nafasi kwenye diski, RAM, na muda wa mtu atakayekaa nayo. Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4 iliyoko Liwale, inayopata intaneti kupitia simu ya mwenyewe, haiwezi kupewa ushauri ule ule wa kompyuta ya ofisi ya Mtwara Mjini yenye intaneti ya uhakika.

Kigezo cha pili ni swali ambalo zana inalijibu. Yapo maswali matatu, na watu huyachanganya. La kwanza: programu imetangaza ruhusa zipi? La pili: ni sehemu gani ya msimbo inayozitumia ruhusa hizo, ikiwa ipo? La tatu: ndani ya programu mna maktaba za nani, hasa za matangazo na za ufuatiliaji, zinazonufaika na ruhusa aliyopewa mwenye programu? Zana inayojibu la kwanza kwa sekunde mbili yaweza kuwa bubu kabisa kwa la tatu.

Kigezo cha tatu huachwa na miongozo mingi, nami nakiona kuwa kizito kuliko vyote. Kwenye Android, ruhusa za kawaida hutangazwa katika faili la AndroidManifest.xml (manifesti, yaani faili linaloitambulisha programu kwa simu) kwa alama ya uses-permission, na hizo ndizo ambazo zana huziorodhesha. Lakini nguvu mbili kubwa kuliko zote hazikai hapo. Huduma ya ufikivu, ambayo huweza kusoma kilichopo kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba ya mtumiaji, na huduma ya kusoma arifa, hutangazwa ndani ya kipengele cha service, zikibeba majina BIND_ACCESSIBILITY_SERVICE na BIND_NOTIFICATION_LISTENER_SERVICE. Maana yake ni kwamba programu isiyo na READ_SMS (ruhusa ya kusoma SMS) hata kidogo inaweza kuusoma ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money unapotokea kama arifa, mradi mtumiaji ameshawishiwa kuiwashia usomaji wa arifa kwenye mipangilio. Mkaguzi anayetazama orodha ya ruhusa peke yake ataipitisha programu hiyo akiwa na amani.

Vigezo vitatu vilivyobaki vinajieleza: ripoti inasomwa na nani (fundi, au mwenyekiti wa bodi ya chama), kazi inaweza kurudiwa bila mtu kukaa mbele ya kompyuta kila toleo jipya linapotoka, na faili la mteja linabaki kwenye kompyuta yako au linapelekwa kwenye seva ya mtu mwingine.

Kwanza, pata faili sahihi

Hatua hii ni ya zana zote, na ikikosewa hakuna zana itakayokuokoa. Kagua toleo litakalofika kwa mtumiaji, si lile la majaribio. Mradi mpya wa Flutter (zana ya Google ya kuandikia programu za simu), kwa mfano, huiweka ruhusa ya INTERNET katika manifesti za majaribio na si katika manifesti kuu, hivyo orodha za matoleo mawili ya programu moja zinaweza kutofautiana na wewe ukadhani zana ndiyo iliyokosea. Kama programu tayari iko kwenye simu ya karani, iunganishe na kompyuta yenye adb, zana ya Google ya kuzungumza na simu ya Android; amri ya adb shell pm path ikifuatiwa na jina la kifurushi itakuonyesha ilipo, na adb pull itaileta kwenye kompyuta. Ukikuta mafaili kadhaa badala ya moja, chukua lile la base.apk, maana manifesti kuu iko humo. Programu mpya za Google Play hutumwa dukani kama AAB (kifurushi ambacho duka hutengenezea APK) tangu Agosti 2021, na si kila zana inaifungua aina hiyo.

aapt2 na ndugu zake wa Android SDK

*Kusimika.* Aliye na Android Studio ameshamaliza: aapt2 imo katika folda ya build-tools, ndani ya folda yenye namba ya toleo. Asiye nayo anaweza kupakua kifurushi cha build-tools peke yake, ambacho ni makumi ya megabaiti tu, na hata kompyuta ya zamani haitalalamika. Ikishapakuliwa haihitaji intaneti, na faili la mteja halitoki ofisini.

*Inachojibu.* Swali la kwanza tu, lakini kwa kasi na bila mapambo. Amri ni moja:

aapt2 dump permissions korosho.apk

Jibu la programu ya mfano ya kupokelea korosho lingekuwa hivi:

uses-permission: name='android.permission.INTERNET'
uses-permission: name='android.permission.CAMERA'
uses-permission: name='android.permission.ACCESS_FINE_LOCATION'
uses-permission: name='com.google.android.gms.permission.AD_ID'

Mstari wa mwisho ndio unaowashangaza wengi, kwa sababu mwandishi wa programu atakuapia kwamba hakuuandika, na atakuwa anasema kweli. Manifesti ya mwisho ni mchanganyiko wa manifesti yake na zile za maktaba alizozitumia. Maktaba za matangazo na za takwimu za Google huja na AD_ID, yaani kitambulisho cha matangazo. WorkManager huja na WAKE_LOCK na RECEIVE_BOOT_COMPLETED. Mwenye msimbo anaweza kufungua manifesti ndani ya Android Studio, akabonyeza kichupo cha Merged Manifest, na kuona kila mstari umetoka maktaba gani; asiyoihitaji ataiondoa kwa kuiandika upya ikiwa na tools:node="remove". Kwa kazi hii mahususi hakuna zana kati ya nne inayomshinda Android Studio, na watu huisahau kwa sababu tu hawakuisimika kwa ajili ya usalama.

*Isichokiona.* Haikwambii ruhusa ipi ni nyeti na ipi ni ya kawaida, haigusi msimbo, wala haikutajii vifuatiliaji, yaani maktaba za ufuatiliaji. Zile huduma mbili za BIND hazitatokea katika orodha ile. Itabidi uitishe manifesti nzima kwa aapt2 dump xmltree korosho.apk --file AndroidManifest.xml kisha utafute neno BIND_ ndani yake. Kwa faili la AAB utahitaji bundletool, zana nyingine ya Google.

*Inamfaa nani.* Mwandishi wa programu anayekagua kazi yake kabla ya kuikabidhi, na yeyote mwenye kompyuta dhaifu anayetaka jibu la haraka. Haimfai anayetakiwa kupeleka ripoti kwenye kikao, kwa sababu mistari ile haimwambii kitu mjumbe wa bodi.

Exodus

*Kusimika.* Exodus Privacy ni shirika lisilotengeneza faida la Ufaransa lililoanza mwaka 2017, na kazi yake inapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni tovuti yake, ambapo unatafuta programu ya bure iliyoko Google Play au F-Droid (duka la programu huria) na kusoma ripoti yake bila kusimika chochote. Kwa programu ya benki au ya mtandao wa simu ambayo kila mtu anayo, hii inatosha. Ya pili ni exodus-standalone, inayokaa kwenye kompyuta yako kwa lugha ya Python au kwa Docker (mfumo wa kuendesha programu iliyofungashwa na vyote inavyovihitaji) na kupokea faili lolote ulilonalo mkononi. Programu iliyotumwa kwa WhatsApp haiko dukani, kwa hiyo njia ya pili ndiyo itakayokuhusu.

*Inachojibu.* Swali la kwanza na la tatu. Huorodhesha ruhusa, kisha hulinganisha majina ya madarasa ya msimbo na orodha yake ya alama za vifuatiliaji na kukutajia vilivyomo: takwimu za Firebase, matangazo ya AdMob, maktaba za Facebook, na kadhalika. Kwa mtu wa Lindi aliyeambiwa kwamba programu ya kusajili wakulima «haitumi taarifa popote isipokuwa kwenye seva ya chama», orodha hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo na mkandarasi. Ruhusa hupewa programu nzima pamoja na maktaba zake, kwa hiyo kujua ni nani aliyemo ni muhimu sawa na kujua mlango upi uko wazi.

*Isichokiona.* Kukutwa kwa maktaba si ushahidi kwamba imewashwa. Msimbo waweza kuwa umelala tu humo. Kinyume chake nacho ni kweli: mwandishi aliyebadilisha majina ya madarasa kwa makusudi anaweza kulificha analolificha, na kinachofanyika upande wa seva hakionekani kabisa. Haisemi ni mstari gani wa msimbo unaotumia ruhusa ipi, na huduma za BIND hazimo katika orodha yake ya ruhusa. Jambo la kukumbuka kwa wenye intaneti ya kusuasua ni kwamba orodha ya vifuatiliaji huchukuliwa mtandaoni. Faili lako halipelekwi popote, lakini zana yenyewe inataka mtandao uwepo.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye wasiwasi wake ni faragha kuliko udhaifu wa kiusalama, mwandishi wa habari anayefuatilia programu za mikopo, na ofisa anayejaza fomu ya chama ya taarifa zinazokusanywa na anayehitaji kujua watu wa tatu ni akina nani.

Androguard

*Kusimika.* Ni maktaba ya Python, na pip install androguard inaileta yote. Kinachokwamisha ni mafunzo ya zamani yaliyojaa mtandaoni: toleo la 4 lilihamisha moduli, na mistari inayoanza na androguard.core.bytecodes sasa inatoa kosa. Njia ya sasa ni androguard.core.apk. Anayeanza akikutana na kosa hilo hudhani Python yake imeharibika, akaanza kusimika upya na kumaliza bando bure.

*Inachojibu.* Swali la kwanza kwa wepesi, na la pili kwa jasho. Darasa la APK husoma manifesti tu na hujibu papo hapo. AnalyzeAPK hufungua msimbo wote na kujenga ramani ya nani anamwita nani, na kwa programu kubwa hula RAM hadi kompyuta ndogo ikagoma. Ni busara kuanza na ya kwanza na kuiita ya pili pale tu jambo mahususi linapotiliwa shaka. Thamani yake halisi, hata hivyo, inaonekana unapoandika kanuni yako mwenyewe:

from androguard.core.apk import APK
zinazohitajika = {"android.permission.INTERNET", "android.permission.CAMERA"}
a = APK("korosho.apk")
print(set(a.get_permissions()) - zinazohitajika)

Mistari hii minne hufanya jambo ambalo zana nyingine hazifanyi zenyewe: inakulazimisha useme kwanza programu inahitaji nini. Kuiandika orodha hiyo ndiko kazi kubwa iliko, na haifanyiki kwenye kompyuta. Programu ya ghalani inahitaji INTERNET ili kutuma uzito uliopimwa, CAMERA kama inapiga picha ya kitambulisho cha mkulima, na BLUETOOTH_CONNECT kama inachapa risiti kwa printa ndogo isiyo na waya. Je, inahitaji ACCESS_FINE_LOCATION? Kama inapima mipaka ya shamba, bila shaka. Kama haipimi, bado yawezekana, kwa sababu kwenye simu za Android 11 kurudi nyuma kutafuta vifaa vya Bluetooth kulihitaji ruhusa ya mahali, na simu za makarani wengi si mpya. Kuanzia Android 12 kuna BLUETOOTH_SCAN, ambayo mwandishi anaweza kuiwekea alama ya neverForLocation, na ile ya mahali akaiwekea maxSdkVersion ili iishie kwenye simu za zamani. Kwa hiyo ruhusa hiyo hiyo moja inaweza kuwa ya haki kwa printa, ya haki kwa ramani, au ya udukuzi, na hakuna zana ya kuamua. Anayeamua ni yule anayejua kazi za ghala zinavyokwenda. READ_CONTACTS, READ_CALL_LOG na RECORD_AUDIO (kusoma majina, kusoma kumbukumbu za simu zilizopigwa na kurekodi sauti) sijaona kazi yake katika kupokea korosho, na mkandarasi anayeziomba ajieleze kwa maandishi.

*Isichokiona.* Inaona karibu kila kitu kilichomo kwenye faili, zikiwemo huduma za BIND ukiisoma manifesti, lakini haikuonyeshi usichouliza. Haina ripoti ya kupendeza, na vifuatiliaji haivitaji isipokuwa uandike msimbo wa kuvitafuta. Ramani yake ya kuoanisha amri za Android na ruhusa isichukuliwe kama kauli ya mwisho, hasa kwa matoleo mapya ya Android.

*Inamfaa nani.* Mtu anayejua Python kiasi na mwenye mafaili mengi: mkuu wa TEHAMA anayetaka kila toleo jipya lipimwe dhidi ya orodha iliyokubaliwa, au mwanafunzi wa chuo anayefanya utafiti wa programu nyingi kwa mkupuo.

MobSF

*Kusimika.* Hii ndiyo nzito. Njia rahisi ni Docker:

docker run -it --rm -p 8000:8000 opensecurity/mobile-security-framework-mobsf:latest

Kisha unafungua kivinjari kwenye localhost:8000 na kuingia kwa jina na nywila ya mobsf, unayopaswa kuibadilisha mara moja ikiwa kompyuta iko kwenye mtandao wa ofisi. Upakuaji wa kwanza ni mkubwa, na ni vyema ufanyike usiku kwa bando la usiku au mahali penye Wi-Fi, si katikati ya siku kwa bando la simu. Kwa RAM, GB 4 zitaendesha kwa kukokota. Mimi nisingeanza chini ya GB 8. Angalia pia neno --rm katika amri ile: ukiizima zana, ripoti zote zinakwenda nayo. Kuongeza -v na folda ya kwenye diski iliyounganishwa na /home/mobsf/.MobSF huzibakiza, na kwa mikoa ambayo umeme haukosi kuyumba hilo si la hiari.

*Inachojibu.* Maswali yote matatu, kwa viwango tofauti. Unaburuta APK, AAB au XAPK kwenye ukurasa, unasubiri, na kupata jedwali la ruhusa lenye hadhi ya kila moja, maelezo yake, na katika matoleo ya karibuni hata mafaili ya msimbo yanayohusiana nayo. Vifuatiliaji vimo, kwa kutumia data ya Exodus. Kipengele cha manifesti hutaja huduma zilizo wazi kwa nje pamoja na ruhusa inayozilinda, kwa hiyo BIND_ACCESSIBILITY_SERVICE iliyo kwenye huduma ya namna hiyo itajitokeza bila wewe kuitafuta. Kwa kigezo changu cha tatu, hapa ndipo MobSF inapozipita nyingine kwa mtu asiye fundi. Inakubali pia IPA za iPhone na kuonyesha sababu ambazo mwandishi amezitoa kwa kila ruhusa, jambo ambalo zana tatu zilizotangulia hazigusi. Ripoti hutoka kwa PDF, na kuna API (njia ya programu nyingine kuiamuru) ya kuipachika kwenye mlolongo wa kutengeneza matoleo.

*Isichokiona na inachokionyesha kupita kiasi.* Tatizo la MobSF si uchache bali ni wingi. Juu kabisa ya ripoti kuna alama kati ya 100, na wasomaji wengi huishia hapo, ilhali alama hiyo hukusanya mambo mengi yasiyohusu ruhusa. Kuna orodha ya ruhusa zinazopatikana sana katika programu hasidi, na INTERNET imo, jambo linalomtisha mwenyekiti wa chama bila sababu, kwa kuwa programu isiyo na INTERNET haiwezi hata kutuma kilo zilizopimwa. Utakuta pia ruhusa yenye jina la kifurushi chako na mwisho wa DYNAMIC_RECEIVER_NOT_EXPORTED_PERMISSION ikiwa imewekewa hadhi ya «unknown». Hiyo hutoka kwenye maktaba ya kawaida ya androidx, inalinda mawasiliano ya ndani ya programu, na haimwombi mtumiaji kitu. Ripoti ya MobSF inahitaji mtu wa kuipunguza kabla haijafika mezani. Kuhusu usiri, ikiwa kwenye kompyuta yako faili halitoki. Lakini kuna seva za wazi za MobSF mtandaoni, na kupandisha huko programu ya mteja ni kuianika.

*Inamfaa nani.* Ofisi inayopokea programu kutoka kwa wakandarasi na inayopaswa kuacha kumbukumbu ya maandishi, timu yenye programu za Android na iPhone, na mwalimu anayetaka darasa lione picha nzima kwenye skrini moja.

Ukiwa katika hali hii

Ikiwa unaandika programu peke yako na kompyuta yako ni ya kawaida, anza na aapt2 na Merged Manifest; usisimike kingine hadi umeondoa kila ruhusa usiyoweza kuieleza kwa sentensi moja. Ongeza Exodus siku utakapoweka matangazo au takwimu za matumizi, kwa sababu siku hiyo programu inaacha kuwa yako peke yako.

Ikiwa uko chama kikuu au halmashauri na wakandarasi wanakuletea programu kabla ya msimu wa Oktoba, MobSF kwenye kompyuta moja ya ofisi yenye RAM ya kutosha itakulipa, mradi ripoti isipelekwe kwenye kikao ilivyo. Toa jedwali la ruhusa na huduma za BIND, andika pembeni ya kila moja maelezo ya mkandarasi, uache mengine. Weka sharti hilo ndani ya mkataba kabla ya malipo ya mwisho. Baada ya malipo, kumpata mtu wa kuondoa READ_CONTACTS huwa kazi nyingine.

Ikiwa programu moja hutolewa matoleo mapya kila baada ya wiki chache, ukaguzi wa mkono utachosha na mwishowe utaachwa. Hapo Androguard na orodha ya zinazohitajika vinatosha: toleo likija na ruhusa ya ziada, msimbo ulikatae na mtu aitwe. MobSF kwa API inafanya vivyo hivyo kwa undani zaidi, ukiwa na seva ya kuiweka.

Ikiwa unafundisha, iwe VETA au katika kundi la vijana wanaojifunzia nyumbani Chuno au Mikindani, na kompyuta ni chache na dhaifu, wape aapt2 kwanza ili waione manifesti yenyewe, kisha endesha MobSF kwenye kompyuta moja na wengine waifungue kwa kivinjari kupitia mtandao wa ndani. Wanaoanza moja kwa moja na MobSF hujifunza kusoma rangi nyekundu na kijani kabla ya kujua uses-permission ni nini.

Ikiwa wewe ni fundi simu na mteja amekuletea simu yenye programu ya mkopo inayomsumbua, huna haja ya kusimika chochote mwanzoni. Tafuta jina lake kwenye tovuti ya Exodus. Kama haipo dukani, ivute kwa adb na uipitishe kwenye aapt2, amri zote mbili, ya ruhusa na ya manifesti. Wakati huo huo fungua mipangilio ya simu yenyewe, kwenye ufikivu na kwenye usomaji wa arifa, uone kama jina la programu hiyo limewashwa. Zana zote nne husema programu inaweza kuomba nini. Mtumiaji alichokwisha kuikubalia kiko kwenye simu, na hapo ndipo pa kukizimia.